Nilimtoa kaka kwenye grupu usiku wa sehemu ya mwisho, sasa naogopa kumwambia ukweli

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Najua wenzangu wanakuandikia mambo mazito ya ndoa na mirathi, na mimi nakuja na tamthilia. Naomba univumilie mpaka mwisho. Hata mimi nilipoanza kuandika nilidhani tatizo langu ni tamthilia.

Nina miaka 27. Kaka yangu ana 31, na tumezaliwa wawili tu. Yeye anaishi mji mwingine. Kwa miaka mitatu sasa tunafuatilia sizoni moja ya upelelezi. Jina lake silitaji, maana wako wasomaji wako ambao hawajaimaliza na sitaki kuwaharibia uhondo, ingawa nitalazimika kueleza ilivyoisha, wanisamehe. Steringi ni mwanamke, tunamwita Inspekta, mtu wa maneno machache ambaye katika misimu yote mitatu nimemwona akicheka mara moja. Kila sehemu mpya ikitoka, mimi na kaka tunapigiana simu, tunahesabu "moja, mbili, tatu, bonyeza", tunakata, kila mtu anaangalia kwake lakini kwa wakati mmoja. Huku tunaandikiana. "Umekiona kitasa?" "Nimekiona! Huyo mlinzi anadanganya." Shangazi, sisi si watu wa kuambiana mambo. Ukimwondoa Inspekta, mazungumzo yetu ni "mama anaendeleaje" na "nitumie namba ya fulani". Basi.

Mwaka jana nikafungua grupu la WhatsApp la mashabiki. Tulianza saba, sasa tumefika sitini na kitu, wengi wao siwajui hata sura. Admini ni mimi. Sheria yetu ni moja tu: hakuna kusimulia kilichotokea mpaka saa 24 zipite.

Sasa nikueleze hiyo sehemu ya mwisho. Msimu mzima wanamtafuta dereva aliyemgonga mtoto usiku akakimbia. Mwishoni Inspekta anagundua dereva ni kaka yake mwenyewe, yule aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Ushahidi pekee uliobaki ni kipande cha taa ya gari, kidogo kama ukucha wa dole gumba, nacho kiko mfukoni mwake. Akikitupa, kesi imekufa. Wanamwonyesha akikizungusha vidoleni dakika nzima, hakuna muziki, unasikia pumzi zake tu. Halafu unamwona mlangoni kwa kaka yake, pingu mkononi. Anamfunga yeye mwenyewe. Wakianza kushuka ngazi anaona kamba ya kiatu cha kaka yake imefunguka, anapiga goti, anaifunga polepole ili asije akajikwaa. Kaka anamtazama pale chini, anamwambia: "Ungeniambia mimi kwanza." Giza. Majina yanaanza kupanda.

Grupu likawaka moto. Ile sheria ya saa 24 hakuna aliyeikumbuka, hata mimi mwenyewe. "Sheria ni msumeno!" "Msumeno gani, damu ni nzito kuliko maji!" "Kikulacho ki nguoni mwako." "Wametuharibia, msimu wa nne siangalii." (Ataangalia.) Wengine wakautafuta ukurasa wa yule mwigizaji wakaenda kumtukana huko huko, na mmoja akarudi na picha ya alichoandika, akituonyesha kama mtu aliyetoka vitani.

Kaka alikuwa kimya. Kisha nikaona jina lake juu ya skrini, "anaandika…" Ikapotea. Ikarudi. Ikapotea tena. Halafu ukaingia huu:

"Dada anayemtoa kaka yake si dada. Mimi ningekuwa huyo jamaa nisingemsamehe mpaka naingia kaburini."

Watu wakamjazia makofi na mioyo. Kabla sijakaa sawa akatuma ujumbe wa sauti, dakika moja na sekunde 34. Nikaubonyeza. "Jamani, mimi niwaambie kitu. Humu ndani kuna watu wanamtetea Inspekta, na mimi najua kwa nini wanamtetea…" Nikauzima hapo hapo. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Nikamtoa kwenye grupu.

Sasa Shangazi ndipo nafika penyewe.

Miaka kumi iliyopita, nikiwa na miaka 17, kaka alichukua fedha za ada yangu ya shule. Zilikuwa kwenye bahasha kabatini kwa baba. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nakunja nguo, nikamwona, yeye hakuniona. Nilikaa siku mbili nikisubiri azirudishe. Siku ya tatu baba akaanza kuulizia bahasha, na usiku nikamfuata nikamwambia. Nilidhani atamgombeza, labda atamchapa. Alimfukuza nyumbani usiku ule ule. Kaka akaacha chuo, akaishi kwa marafiki miaka miwili, na mpaka leo kazi anayofanya siyo aliyoitaka. Baadaye walipatana na baba, nashukuru Mungu, maana baba alifariki miaka minne iliyopita. Lakini baba hakusema hata siku moja ni nani aliyemwambia. Kaka anaamini ni binamu yetu, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Hawasalimiani mpaka leo, na binamu alipooa kaka hakwenda.

Sasa ni wiki ya tatu kaka hajanipigia, nami sijampigia. Mama akiuliza tumegombana nini namjibu "tamthilia", anacheka. Kwenye grupu wananiuliza yuko wapi yule jamaa mchangamfu, najifanya sijaona.

Mimi naamini anajua. Naamini yale maneno aliniandikia mimi. Nimwambie ukweli? Nimrudishe kwenye grupu nijifanye nilimtoa kwa bahati mbaya? Au nikae kimya kama nilivyokaa miaka kumi, msimu wa nne ukija tuhesabu tena moja, mbili, tatu? Na swali linaloninyima usingizi ni hili: je, nilikosea kusema siku ile?

Admini asiyelala

JIBU

Marahaba mwanangu. Usiombe radhi kwa kuja na tamthilia. Kwanza umeniharibia uhondo, maana hiyo sizoni nilikuwa nimepanga kuianza, lakini nimekusamehe kwa sababu ya ile kamba ya kiatu.

Nikikusoma vizuri, umefunga vitu vitatu kwenye furushi moja. Kipo alichosema kaka yako kuhusu mwanamke wa kwenye runinga. Kipo ulichokifanya ukiwa na miaka 17. Na kipo ulichokifanya kwa kidole usiku ule, cha kumtoa kwenye grupu. Kwa kuwa vimefungwa pamoja, ukigusa kimoja vyote vinauma. Naomba tuvifungue, hata kama baadaye utaamua kuvifunga tena.

Unasema kaka anajua. Wewe ni shabiki wa upelelezi, basi tufanye upelelezi kidogo. Una ushahidi gani? Sentensi moja aliyoiandika mbele ya watu sitini, nusu yao wakiwa wameandika kitu kile kile kwa maneno mengine. Una "anaandika" iliyopotea mara mbili. Na una sekunde chache za sauti, anazosema "kuna watu", wengi, si mtu mmoja. Hakimu mvivu kuliko wote duniani angekurudisha nyumbani na jalada lako.

Sisemi hajui. Inawezekana anajua tangu zamani. Ninachosema ni kwamba ana sababu ya kutosha ya kuumia na ile sehemu ya mwisho bila kujua lolote kuhusu wewe. Huyu ni mtu aliyewahi kutolewa na wa nyumbani kwake. Amekaa peke yake usiku, anaangalia mwanaume anafungwa pingu na wa damu yake, na mwanaume huyo anasema maneno ambayo pengine yeye mwenyewe ameyabeba miaka kumi bila kumpata wa kumwambia. Unategemea aandike nini? "Sheria ni msumeno"?

Halafu kuna lile giza. Tarehe 10 Juni 2007, tamthilia ya Kimarekani ya kundi la wahalifu, The Sopranos, ilifunga sehemu yake ya mwisho kabisa kwa namna inayofanana na hii yenu: bosi yuko mezani na familia yake, anainua uso, skrini inakuwa nyeusi kwa kama sekunde kumi, kimya. Watazamaji wengi walidhani runinga imeharibika au kebo imekatika. Walipogundua ndiyo mwisho wenyewe, ugomvi ukaanza, ameuawa au hajauawa, na watu wanabishana mpaka leo. Binadamu hapendi giza tupu, akiachiwa analijaza, na analijaza kwa alichonacho nyumbani. Ile "Ungeniambia mimi kwanza" ilipoishia gizani, watu sitini waliweka humo kaka sitini. Wewe ulimweka wako. Yeye pengine alijiweka mwenyewe. Mlikuwa katika giza moja mkitazama vitu viwili.

Nirudi kwa wale waliokwenda kumtukana mwigizaji, kwa sababu nadhani wanakuhusu kuliko unavyofikiri. Katika Breaking Bad, ile ya mwalimu wa kemia aliyegeuka kutengeneza dawa za kulevya, mhusika aliyechukiwa kuliko wauaji wote alikuwa mke wa mwalimu, kwa kosa la kumzuia mumewe. Agosti 2013, wiki chache kabla ya tamthilia kuisha, mwigizaji wake Anna Gunn aliandika kwenye gazeti la New York Times jinsi chuki hiyo ilivyovuka kutoka kwa mhusika ikamfikia yeye, mtu mwenye jina lake na maisha yake. Watu walimchukia aliyekuwa akisema "acha", wakamhurumia anayeua.

Sababu ziko nyingi, na yeye mwenyewe alizungumzia namna watu wanavyomtazama mwanamke asiyenyamaza. Mimi naongeza moja ya kawaida kabisa: kamera ilikaa na mume. Tulimwona akikohoa, akiogopa, akihesabu fedha za matibabu. Ukikaa na mtu muda mrefu hivyo unamsamehe kabla hujaulizwa. Yule ambaye kamera haikumfuata chumbani, tunamwona anapoingia tu na kuharibu.

Sasa mwanangu, katika filamu ya nyumbani kwenu, ambayo umeirudia kichwani kwa miaka kumi, kamera umeiweka wapi? Barua yako inamfuata kaka: alifukuzwa, aliacha chuo, alilala kwa marafiki, kazi aliyoikosa. Yote ni kweli na yanauma. Lakini nyuma ya pazia alikuwepo mtoto wa miaka 17 ameshika nguo aliyoikunja nusu, anaangalia ada yake ya shule ikitoka kabatini. Ukampa sentensi moja, ukampita. Na ile "nilikaa siku mbili nikisubiri azirudishe" umeiandika kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai. Mimi nimeirudia mara tatu. Siku mbili hizo ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa ukimtazama? Uliwahi kufungua mdomo ukafunga?

Umeniuliza kama ulikosea kusema. Sina mizani ya kupima hilo kutoka huku niliko, na nikikwambia "hukukosea" utafarijika mpaka kesho asubuhi, kisha utaanza upya. Nitakupa vipande tu. Uliyemwambia alikuwa baba, na baba ndiye mwenye zile fedha. Ulichotegemea ni kugombezwa. Kufukuza mtu usiku ni uamuzi wa mtu mzima mwingine, na katika kumbukumbu yako umeuchukua ukaufanya wako, labda kwa sababu baba ameshalala na huwezi kumlaumu. Hicho ni kipande kimoja. Kingine ni kwamba ile "Ungeniambia mimi kwanza" imekuchoma kwa sababu kuna mlango ambao ungeweza kuugonga katika zile siku mbili, wa chumba cha kaka, na hukuugonga. Msichana wa miaka 17 mbele ya kaka wa miaka 21, najua kwa nini hukuugonga. Wewe unajua zaidi. Vipande vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja, na sioni sababu ya kimoja kukifukuza kingine nyumbani.

Kitu kingine ulichokiandika bila kukitazama: mtu huyu anayesema hasamehi mpaka kaburini, ndiye huyo huyo aliyepatana na baba aliyemfukuza. Kwa hiyo kusamehe anajua. Alichoandika kwenye grupu ni sheria aliyomtungia mtu wa kwenye skrini. Sote ni wakali sana tukiwatungia sheria watu wa kwenye skrini. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alipomuua mpelelezi wake Sherlock Holmes kwenye hadithi, wasomaji walimwandikia barua za hasira na inasemekana zaidi ya 20,000 walisitisha kulinunua jarida lililomchapisha. Miaka kumi baadaye, 1903, Holmes aliporudi hai, watu hao waliokuwa wameapa walirudi kusoma. Kama yule wa kwenu asiyeangalia msimu wa nne.

Basi, njia. Ulizozitaja ni tatu, nami naona kama tano hivi, na hakuna iliyo bure.

Ya kujifanya ulimtoa kwa bahati mbaya sitaipotezea muda. Wiki tatu za bahati mbaya? Mtu aliyezoea kusoma kitasa na mlinzi anayedanganya?

Kukaa kimya ni njia halisi, wala siidharau. Kuna familia zinazoishi vizuri juu ya mambo yasiyosemwa. Faida yake ni kwamba mnabaki na ile "moja, mbili, tatu", na usiibeze. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kuhusu ukaribu wa upande mmoja ambao mtazamaji anaujenga na mtu wa kwenye runinga, kama anamfahamu kweli. Ninyi mmefanya zaidi ya hapo: mmemtumia Inspekta kama mshenga. Yanayowashinda kuambiana, mnamwambia yeye, mwenzio anasikia. Hatari ni kwamba mshenga huyu sasa ameingia kwenye jambo lenyewe. Msimu wa nne lazima uanzie pale kwenye ngazi. Kesi, kaka kizimbani, dada shahidi. Utaangalia sehemu nane au kumi za hilo, simu mkononi, ukisubiri "anaandika"?

Na kuna mtu wa tatu. Nimehesabu, mwanangu: katika barua yako ndefu, binamu amepata sentensi mbili. Kaka amepata karibu ukurasa, Inspekta amepata aya nzima, kile kipande cha taa kimepata zaidi ya binamu. Wanasema yaliyopita si ndwele, na ningependa kukwambia hivyo, lakini kwake bado ni ndwele. Anabeba kosa lisilo lake kwa mwaka wa kumi, na arusi yake ilikuwa na kiti kitupu. Sikulaumu kwa kumpita. Nadhani umempita kwa sababu yeye ndiye anayefanya kunyamaza kuwe kugumu. Bila yeye ungekuwa na siri yako mwenyewe, ungeamua uilaze wapi. Ila hii siri inalipiwa na mtu mwingine.

Kumwambia kaka. Hapo hatari ziko wazi na sitazipamba. Anaweza kukata simu. Anaweza kunyamaza miezi, msimu mpya ukaja ukapita. Anaweza kusema "nilijua siku zote", na hilo nalo lina uchungu wake, kwa sababu utajiuliza kwa nini basi alimwacha binamu abebe. Anaweza pia kulia. Ukiamua njia hii, yafikirie mazingira: grupu la watu sitini si mahali, ujumbe wa maandishi unasomeka kwa sauti yoyote msomaji aliyonayo siku hiyo, na siku inayotoka sehemu mpya kila mtu ana Inspekta kichwani. Tena jichunguze kidogo. Unataka kumwambia ili ajue, au ili wewe ulale? Vyote vinaruhusiwa. Lakini ukitaka kulala, utamwomba msamaha katika pumzi ile ile unayomwambia, na utamlazimisha atoe jibu kabla hajapata hata nafasi ya kukaa chini.

Kupitia kwa mama. Umesema anacheka ukimjibu "tamthilia". Mimi sijui anacheka nini. Mume na mke wana usiku mwingi wa kuzungumza, na sina hakika kwamba baba yenu alikwenda na siri hii peke yake. Mama anaweza kuwa daraja zuri. Anaweza pia kujikuta amekaa kati ya watoto wake wawili akitakiwa kuchagua, kazi ambayo huenda aliifanya usiku ule na hataki kuirudia.

Na kuna kuanza kwa binamu. Hili ulikuwa hujaliwaza, naona. Kumwambia yeye kabla ya kaka kuna heshima fulani, kwa kuwa yeye ndiye mwenye deni lake mkononi mwako. Hatari yake ni kwamba ukishamwambia, jambo haliko mikononi mwako tena. Akiamua kesho kwenda kujisafisha kwa kaka, ana haki hiyo, na wewe utakuwa bado unatafuta maneno. Au atakwambia alishajua kwamba ni wewe, maana wawili tu ndio mngeweza kusema na yeye anajijua. Kama alijua na akanyamaza miaka kumi, utakuwa na mazungumzo mengine kabisa, marefu.

Kuna kitu kidogo kimojawapo ambacho unaweza kukitenganisha na vyote hivi, ukitaka. Kumtoa kwenye grupu ni kosa la wiki tatu, halina miaka kumi. "Nilishtuka, nikakutoa, haikuwa haki yangu" ni sentensi ya kweli yote, na haikulazimishi kufungua kabati la baba siku hiyo hiyo. Ingawa nakuonya: akikuuliza "ulishtuka na nini?", uwe umeshajua utajibu nini au utasema hutajibu leo.

Mengine sikuamulii. Ila kuna swali moja la kizamani la kipelelezi linanisumbua tangu nisome barua yako. Ule ujumbe wa sauti una dakika moja na sekunde 34, na wewe, kwa hesabu yangu, umesikiliza kama sekunde kumi. "Najua kwa nini wanamtetea…" Kwa nini? Umemhukumu, umemtoa, umekosa usingizi wiki tatu, na mwisho wa sentensi yake huujui. Ulimtoa yeye kwenye grupu, sauti yake haikutoka. Bado iko kwenye simu yako, hapo juu, chini ya yale makofi.

Sijui kuna nini kwenye hizo sekunde zilizobaki. Labda ni wewe. Labda ni binamu. Labda ni dakika nzima ya kamba ya kiatu, maana mtu aliyefukuzwa usiku pengine aliiona ile kamba kuliko alivyoziona pingu. Ukijisikia kuusikiliza, funga mlango kwanza, na usiwe umesimama. Kisha niandikie tena, mwanangu. Barua yako nitaitoa hata ikija bila jina, na safari hii ukinisimulia kilichomo sitakulaumu kwa kuniharibia uhondo.

Shangazi